Kutoa, kufuta, kukataa: nani ana neno la mwisho juu ya mwili wa marehemu?

Mwaka jana yaya yangu, anayeishi katika jimbo la Iowa huko Marekani, alienda kuomba permi ya kuendesha gari. Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo, basi akapewa mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Baada ya kuulizwa jina, kimo na rangi ya macho, alisikia swali hili: «Unakubali watoe viungo vyako?» Alishtuka. Lakini kwa kuogopa kunyimwa permi alijibu ndiyo. Jioni alitupigia simu hapa Lubumbashi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Siku hiyo ikifika, mimi nitakataa. Mwili wa mtoto wangu utazikwa mzima.»

Je, mama ana uwezo huo? Nilianza kusoma sheria ili nimjibu, na nikakuta kwamba jibu limo ndani ya vitenzi vichache ambavyo sisi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuvitofautisha vizuri.

Tarehe 3 Desemba 1967, daktari Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa mtu katika mwili wa mtu mwingine huko Cape Town, kwa mara ya kwanza duniani. Mwaka uliofuata, 1968, tume ya wanasheria wa majimbo ya Marekani ilitunga sheria ya mfano juu ya zawadi ya mwili, na majimbo yote yakaipokea. Ilirekebishwa mwaka 1987, kisha mwaka 2006. Iowa inafuata maandishi ya 2006.

Kwa nini ilirekebishwa? Tangu mwanzo sheria ilimpa mtu mzima haki ya kujiamulia. Lakini hospitalini madaktari waliendelea kuwauliza jamaa, na jamaa wakikataa, kadi ya marehemu iliwekwa pembeni. Ndiyo maana maandishi ya 2006 yanasema kwa ukali zaidi: mtu mzima akiisha kutoa zawadi hiyo, na asipoonyesha nia nyingine, hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuibadili wala kuifuta. Si mume, si mtoto, si mama. Walioachiwa nafasi ni wazazi wa mtoto ambaye hajafika miaka 18: akifa, wanaweza kuifuta zawadi aliyoitoa.

Sasa tuangalie vitenzi vyenyewe.

Kutoa. Mtu anatoa kwa alama kwenye permi, kwa kadi aliyotia sahihi, kwa kujiandikisha katika daftari la watoaji, au kwa wosia. Permi ikipitwa na wakati au ikinyang'anywa, zawadi inabaki. Hata wosia ukibatilishwa baada ya kifo, zawadi iliyomo haibatiliki.

Kufuta. Maadamu yuko hai, mwenyewe anaweza kufuta alichotoa. Lakini kufuta si kukataa. Aliyefuta amerudi kwenye kimya tu, na akifa katika kimya hicho, jamaa wanaweza kutoa kwa niaba yake. Sheria inawapanga kwa zamu: kwanza mtu aliyepewa na marehemu mamlaka ya kumwamulia mambo ya afya, kisha mume au mke, watoto wazima, wazazi, ndugu, na kuendelea.

Kukataa. Hiki ni kitendo kingine kabisa. Mtu anaweza kukataa kwa maandishi yenye sahihi yake, au, akiwa katika ugonjwa wa mwisho, kwa kutamka mbele ya watu wazima wawili. Aliyekataa analindwa sawasawa na aliyetoa: jamaa hawawezi kumgeuzia neno lake. Asiyetaka kabisa asidhani kwamba kufuta kunamtosha.

Sheria hiyo inaongeza kinga nyingine: daktari anayethibitisha saa ya kifo haruhusiwi kushiriki katika kuondoa wala kupandikiza viungo. Na tangu 1984 sheria ya taifa inakataza kuviuza.

Kwa Wafaransa kimya kina maana nyingine. Kwa sheria ya tarehe 22 Desemba 1976, mtu mzima asiyekataa wakati wa uhai wake anahesabiwa amekubali. Tangu tarehe 1 Januari 2017, njia kuu ya kukataa ni kujiandikisha katika daftari la taifa la wanaokataa. Karatasi iliyoandikwa na marehemu, au ushahidi wa jamaa kwamba alikataa kwa mdomo, vinapokelewa pia. Kitenzi cha kuangalia hapa ni kujulisha: daktari anawajulisha jamaa, hawaombi ruhusa. Wanaulizwa marehemu alisema nini, hawaulizwi wao wanataka nini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huko Ufaransa mshindo huo ni ndiyo.

Basi mama hawezi. Lakini kinga yote hii inasimama juu ya jambo moja: kwamba aliyesema ndiyo alielewa swali. Na Kiswahili cha mkalimani yule kilikuwa na mitego. «Kutoa» ni kupa, na ni kuondoa pia. «Watoe» inamfanya mwingine kuwa mtendaji, na mwenye mwili anabaki kutendwa. «Viungo» ni mikono na miguu, ni figo na moyo, na ni vile vya kutia mchuzini. Tena swali halikutaja kifo. Yaya alifikiri atakatwa akiwa hai.

Nilimwandikia swali upya: «Ukiisha kufa, unapenda kuchangia sehemu za mwili wako, kama figo au moyo, ili mgonjwa mwingine apone? Unaweza kukubali au kukataa. Permi utaipata tu.» Alifikiri siku mbili. Kisha akampigia mama mwenyewe: «Mama, ile ndiyo ya kwanza ilikuwa ya woga. Sasa nimeelewa, na ninasema ndiyo.» Mama hakufurahi, lakini hajasema tena kwamba atakataa.

Wenzetu wengi waliohamia nchi hizo wanaulizwa swali hili kwa Kiswahili cha kubahatisha. Kitivo chetu kinafundisha tafsiri. Ninaomba tuanze na swali hili moja, tulitunge vizuri, tuwapatie wakalimani.