Kuzuia Maji Yasipite Penye Shafti ya Mashua

Ugumu wa mtambo ufanyao kazi majini hauko katika kuufunika, bali katika kupitisha shafti. Sanduku la chuma laweza kuchomelewa pande zote likazuia maji kwa miaka. Shafti, kwa upande wake, ni lazima izunguke, na panapozunguka kitu hapana budi pawe na nafasi, ijapokuwa nyembamba kama unywele. Maji huitafuta nafasi hiyo, na kila mita 10 za kina huongeza mkandamizo wa karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba.

Ziwa Tanganyika lina ushahidi wake kuhusu kazi ya grisi. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916 ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta injini bado zafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Lakini injini zile zilikuwa zimelala tu. Penye shafti inayozunguka, grisi hupata moto na kusukumwa nje. Yahitaji kitu cha kuishikilia, na yahitaji kuongezwa.

Katika mashua zenye injini ndani, kitu hicho ni pakingi: nyuzi zilizolowekwa shahamu, zinazozungushiwa shafti kwa pete na kubanwa kwa nati. Kosa la wengi ni kukaza mpaka lisipite hata tone. Pakingi kavu huungua, ikachimba mfereji katika shafti, na hapo nyuzi mpya hazisaidii tena. Shafti inapozunguka, matone machache kwa dakika yaonyesha kwamba pakingi inapozwa vizuri.

Hata wanafunzi wa Marekani waundao vyombo vidogo vya kuzamia hufuata kanuni hiyohiyo: mota ndogo huzikwa katika nta laini ndani ya kikopo, na shafti hutokea katika tundu linaloibana kidogo tu. Vyombo hivyo ni vya maji ya kina kifupi.

Kwa wavuvi wa Karema na Ikola, hasara iliyo karibu zaidi imo katika mashine za kupachika nyuma ya mashua. Humo shafti ya rafadha, au pangaboi kama waiitavyo mafundi, hupita katika sili za mpira zenye mdomo mwembamba, ambazo huzuia oili isitoke na maji yasiingie. Adui wake ni uzi wa nailoni. Kipande cha wavu kikinaswa hujiviringisha nyuma ya pangaboi, kikasukumwa ndani na kuukata mdomo wa sili. Mashine huendelea kunguruma kama kawaida, huku maji yakiingia kwenye gia. Kutu hula beringi, na siku moja gia husagika katikati ya ziwa, pengine katika miezi ya Mei hadi Septemba upepo wa kusini unapovuma.

Uchunguzi wake hauna gharama. Pangaboi ivuliwe mara kwa mara na nyuzi ziondolewe. Baada ya mashine kulala usiku kucha ikiwa imesimama wima, skrubu ya chini ya gia ilegezwe kidogo: maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, hutangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa yaonyesha kwamba maji yamekwisha kuchanganyika nayo. Kumwaga oili hiyo na kutia mpya bila kubadili sili ni kutupa fedha za wanachama ziwani.

Oili mpya hutiwa kwa tundu la chini, tundu la juu likiwa wazi, mpaka itokeze juu. Ikitiwa kutoka juu, hewa hunaswa ndani. Washa za skrubu zibadilishwe pamoja nayo. Kwa kuwa Mpanda mjini ni mbali na mwambao, yafaa chama kiweke sili za akiba za kila aina ya mashine iliyonayo, na katibu aandike katika daftari tarehe ya kila oili iliyobadilishwa na rangi iliyotoka nayo.