Mtoto Kuvimba Taya: Lipi Kweli, Lipi Uzushi?

"Ni jino tu, ling'olewe." Mara nyingi ni jino kweli. Lakini ipo saratani ya Burkitt, ambayo hupenda taya za watoto, hasa wa umri wa miaka minne hadi saba, katika maeneo yenye malaria nyingi kama Uganda, magharibi mwa Kenya na Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Magego hulegea, fizi hujaa, pengine hata jicho husukumwa nje, na mara nyingi mtoto halii maumivu. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kung'oa jino hapo ni kupoteza wiki ambazo mtoto hana.

"Amelogwa." Uzushi. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliuona ugonjwa huu katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, na mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani ya seli zake.

"Basi unaambukiza!" Hapana. Kirusi hicho karibu sote tumekipata utotoni kwa mate, na tupo. Malaria za kila mara ndizo huvuruga kinga ya mtoto, kirusi kikapata upenyo.

"Wakikata kinyama cha kupima, saratani itasambaa." Huu ndio uzushi unaonikera kuliko yote. Bila kinyama hicho kufika maabara, daktari atatibu nini? Taya hushikwa pia na osteosakoma, saratani ya mfupa, na hiyo hutegemea sana upasuaji. Burkitt hutibiwa kwa kemo, dawa kama saiklofosfamidi, si kwa kisu.

"Uvimbe umeisha, turudi nyumbani." Hapa ndipo wengi hukwama. Dozi ya kwanza huweza kuyeyusha uvimbe ndani ya siku chache, kwa kasi inayoweza kulemea figo. Ndiyo maana mtoto hutundikiwa dripu na mkojo wake hupimwa. Mzazi akiona shavu limerudi, nauli nayo inakwisha, anaaga wodi. Sawa, nauli ni tatizo la kweli, mwambieni muuguzi au ofisa ustawi wa jamii. Lakini seli zilizobaki, hata kwenye maji ya uti wa mgongo, hurudisha ugonjwa.

Watoto wengi wanaomaliza dozi zote hupona. Kwa hiyo shavu la mtoto likizidi kukua siku hadi siku, na meno yanacheza, omba rufaa ya hospitali yenye daktari wa saratani leo hii.