Samadi, Kuni na Chuma Chakavu: Vita Vilivyoigusa Ardhi ya Kagera

Madhara ya vita vya kisasa kwa mazingira, yaani kwa udongo, maji, misitu na wanyama, huhesabiwa zaidi kwa mabomu na moto, ilhali mkoani Kagera, Tanzania, sehemu kubwa ya madhara hayo ilipitia kwenye zizi na kwenye mafiga.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda, yalipolivamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yalilipua daraja la Kyaka, yakapora kiwanda cha sukari na kuswaga maelfu ya ng'ombe hadi Uganda. Ng'ombe hao huandikwa katika historia kama mali iliyoibwa, lakini kwa mkulima wa Kihaya ng'ombe ni sehemu ya udongo wenyewe. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, hustawi Bukoba na Muleba juu ya ardhi iliyo dhaifu kwa asili, kwa kuwa mvua nyingi huiyeyusha rutuba na kuizamisha chini ya mizizi. Rutuba hiyo hurudishwa kwa samadi, pamoja na nyasi zinazokatwa rweya, yaani kwenye uwanda wa wazi nje ya vijiji, na kutandazwa mashinani. Zizi likibaki tupu, mikungu hupungua mwaka hadi mwaka, na familia iliyokimbia vita na kurejea mikono mitupu haiwezi kulijaza tena kwa msimu mmoja. Itifaki ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, hukataza njia za kivita zinazoyadhuru mazingira kwa upana, kwa ukali na kwa muda mrefu, yote matatu kwa pamoja; kipimo hicho ni kikubwa mno kwa hasara ya namna hii.

Mwaka 1994 vita vilipiganwa Rwanda, lakini Kagera ikaumia. Mto ulibeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari hadi Ziwa Victoria, kaskazini mwa Bukoba, na watu wengi wa mwambao wakaacha kula samaki. Mwishoni mwa Aprili, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka pale Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kupiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Kila familia ilihitaji kuni za kupikia maharage, ambayo hula moto kwa saa nyingi, na miti ya kujengea kibanda. Wakimbizi hawakuwa na njia nyingine, na vilima vikabaki vipara. Ujangili nao uliongezeka katika Pori la Akiba la Burigi, linalofika Muleba, ambalo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Silaha zilizobaki ardhini nazo bado zinaua. Novemba 2017, bomu lililookotwa likidhaniwa kuwa chuma chakavu lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, Ngara, likaua wanafunzi watano na kujeruhi makumi. Hata lisipolipuka, ganda la bomu huliwa na kutu, na baruti iliyomo, ambayo ni sumu, huvuja polepole ikaingia kwenye udongo na maji.