Daftari la Tiba Asili Liandikwe Nini

Machi 1995 ofisi ya hataza ya Marekani iliwapa watafiti wawili wa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi haki ya peke yao juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Bibi yeyote wa Kihindi, au wa Unguja, angeuliza uvumbuzi uko wapi hapo. Baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la India, CSIR, likaomba hataza hiyo ichunguzwe upya, na mwaka 1997 ikafutwa. Lakini haikufutwa kwa ushahidi wa mabibi. Ilifutwa kwa maandishi: vitabu vya kale vya Kisanskriti, na makala iliyochapishwa mwaka 1953 katika jarida la chama cha madaktari wa India.

Sababu ni sheria ya wakati ule. Hataza hutolewa kwa jambo jipya, na kila nchi hujiwekea kipimo chake cha upya. Marekani ilihesabu lililojulikana au kutumika ndani ya mipaka yake. La ng'ambo lilihesabiwa tu ikiwa limechapishwa au limekwisha pewa hataza. Ujuzi uliorithishwa kwa mdomo Kitui au Lushoto, vizazi na vizazi, kisheria haukuwapo. Kanuni hiyo ilidumu hadi Machi 2013, nami naihesabu kuwa dhuluma, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu ya Afrika haijawahi kupigwa chapa.

Ulaya kipimo kilikuwa kipana zaidi, ila njia ilikuwa ndefu. Mafuta ya mwarobaini, kwa matumizi ya kuua ukungu wa mimea, yalipewa hataza mwaka 1994. Wenyewe walikuwa wizara ya kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace. Wapinzani walijitokeza mwaka 1995, hataza ikafutwa mwaka 2000, rufaa ikatupwa 2005. Miaka kumi, kwa mti mmoja! Ni jamii gani ya wafugaji ingemudu wakili kwa muda huo?

India ikaona heri kutangulia. Tangu 2001 imekuwa ikikusanya dawa za mifumo yake ya tiba ya jadi, Ayurveda, Unani na mingineyo, katika maktaba ya kidijitali, zikiwa zimetafsiriwa kwa lugha tano za kimataifa. Ofisi za hataza zilifunguliwa maktaba hiyo kwa sharti la kutunza siri.

Sharti hilo ndilo ninalotaka tulitazame. Ukichapisha dawa ya mganga kitabuni, unamzuia mtu mwingine kuipatia hataza, lakini kampuni yoyote inaweza kuisoma na kuitengeneza bila hata kubisha hodi. Kuzuia hataza ni kazi moja. Kumlinda mwenye ujuzi ni kazi nyingine, na sera inayoyachanganya mawili haya humwacha mganga mikono mitupu huku jina lake likisifiwa.

Kenya imejaribu kazi ya pili. Sheria yake ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inaitambua jamii kuwa ndiyo mwenye haki, inataka iridhie kwanza na ipate mgao wa faida, na ulinzi hauna mwisho maadamu maarifa yanatimiza masharti. Daftari huwekwa na serikali ya kaunti. Kwangu mimi, uzito wote uko kwenye daftari hilo. Karani akiandika mmea, ugonjwa, kipimo, namna ya kuchemsha na msimu wa kuchuma, kisha likaachwa wazi kwa kila mtu, kaunti itakuwa imetoa bure kile ilichotumwa kukilinda. Iandikwe jamii, mmea na matumizi yake kwa jumla. Kipimo na mchanganyiko vibaki kwa wenyewe mpaka mkataba utiwe saini.

Daftari la namna hiyo litatosha hata nje ya mipaka. Mei 2024, mjini Geneva, nchi wanachama wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje nchi ilikotoka rasilimali ya kijenetiki aliyoitegemea, na jamii iliyompa maarifa. Utaanza kutumika nchi 15 zikishauridhia. Mkaguzi atakayetaka kujua kama mwombaji amesema kweli atahitaji jina la mmea na jina la jamii. Vijiko vingapi mgonjwa hunywa asubuhi si swali lake.