Fahamu: Mtumishi anapobadilishiwa kada, nani anajua?

Chukua mhudumu wa ofisi katika Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa aliyejiendeleza hadi akapata stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Hawi msaidizi wa kumbukumbu kwa kuhitimu tu. Mwajiri wake pale Kilwa Masoko lazima awe na nafasi hiyo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti, ajiridhishe kuwa cheti kinakidhi muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada hiyo, kisha aombe kibali cha Ofisi ya Rais, Utumishi.

Ajira mpya hutangazwa. Sekretarieti ya Ajira huweka hadharani majina ya walioitwa kazini, na kijana wa kisiwani Songosongo huyasoma kwenye simu. Kubadilishiwa kada huishia kwenye barua na jalada la mhusika. Aliyesubiri miaka hajui kwa nini mwenzake alitangulia, na hapo minong'ono ya upendeleo huota mizizi, hata pasipo upendeleo.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuuliza, na ofisi ijibu ndani ya siku zisizozidi 30. Lakini sheria hiyo hiyo inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeongeza ulinzi huo. Kwangu mpaka uko wazi: matokeo ya chuo na akaunti ya benki ni siri ya mtumishi. Idadi ya nafasi, kada zilizoguswa na vigezo vilivyotumika ni haki ya umma, na vibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri bila kusubiri mtu aombe.