Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Kiongozi wa kikundi cha kulea yatima au cha kutunza mfereji wa kijiji hupiga hodi kwa wafadhili mara kwa mara. Je, akiulizwa michango ya mwaka jana ilitumikaje, atafungua daftari gani?

Moshi swali hilo si geni. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya msingi. Nguvu yake ilitoka katika vihamba vidogo vya mlimani. Lakini fedha za wengi zahitaji watu wanaojua hesabu. Ndiyo maana Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963 kiliwafunza watumishi na viongozi wa vyama utunzaji wa hesabu na uendeshaji wa ushirika. Tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu.

Hapo pana fundisho: elimu ya kuchangisha fedha huanza na stakabadhi, wala si barua ya maombi. Kila mchango uandikwe. Hundi iwe na saini zaidi ya moja. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama. Sheria ya mwaka 2002 nayo huyataka mashirika yasiyo ya kiserikali kutoa taarifa kila mwaka.

Basi, wewe uliyechaguliwa katibu, jifunze kwanza. Mama aliyetoa shilingi yake sokoni Mbuyuni ni mfadhili pia, naye anastahili jibu.