Tangazo la Jeneza Chini ya Rundo la Madera

Mtu akifariki Mombasa siku hizi, jamaa hawangoji mjumbe wa kubisha mlango. Habari inawafikia kwa WhatsApp, na ujumbe wenyewe una mpangilio ambao kila mmoja wetu ameshauzoea: Innalillahi, kisha jina la marehemu, mtoto wa nani, ndugu wa nani, jeneza litatoka nyumba gani, ataswaliwa msikiti upi baada ya swala ipi, na atazikwa Kikowani au kwengineko. Kwa kuwa dini yetu inahimiza kuharakisha mazishi, ujumbe huo una umri wa saa chache tu. Aliyefariki alfajiri huenda akazikwa adhuhuri. Ukiusoma magharibi, umebaki kuwa wa kupeleka pole.

Ndiyo maana naona kero ya matangazo ya biashara kwenye simu, kwa sisi watu wa pwani, ina uzito kuliko tunavyoipa. Fungua kundi la ukoo wako Ijumaa yoyote uone. Kuna mawaridi ya Jumaa Mubarak yasiyo na idadi, madera ya bei ya jumla, ploti Mtwapa kwa malipo ya polepole, mikopo ya dakika tano, oudi, dawa ya kisukari isiyo na jina, na bwana mmoja anauza utabiri wa mechi za kamari, tena kwenye kundi ambalo adimini wake ni maalim wa madrasa. Katikati ya hayo yote kuna mistari minne kuhusu shangazi aliyefariki Kisauni.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alichoka akalinyamazisha kundi la familia. Programu inakuuliza unataka kunyamazisha kwa saa nane, kwa wiki, au daima. Alichagua daima. Shangazi yake aliyemlea alizikwa baada ya alasiri, na yeye alipata habari usiku akirudi kazini, kwa dereva wa tuktuk aliyempa pole. Alimuuliza, pole ya nini? Hakuna aliyekuwa amempigia simu kwa sababu kila mmoja alidhani ameona kwenye kundi.

Wengine watasema kosa ni lake kwa kunyamazisha. Mimi nauliza kilichomfanya anyamazishe.

WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi Yahoo, kampuni iliyoishi kwa matangazo, nao walitoka huko wamekinai. Msimamo wao ulikuwa programu isiyo na matangazo, michezo wala hila. Mwaka 2012 Koum alieleza hadharani kwamba matangazo yakiingia, mtumiaji ndiye anayegeuka bidhaa. Badala yake walitoza ada ya dola 1 kwa mwaka, ingawa wengi wetu huku tulikuwa tukiona tarehe ya kulipa ikisogezwa mbele tu. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 19, na Januari 2016 ile ada ikafutwa kabisa. Tulifurahi.

Gharama ya kuiendesha haikufutika pamoja na ada. Mwaka 2018 ilitoka programu ya pili, ya wafanyabiashara, na mwaka huohuo ukaja mlango wa kulipia kwa makampuni makubwa: benki, mashirika ya ndege, maduka, yote yalipe ili yapate kuingia kwenye simu yako. Acton alikuwa ameshaondoka mwaka 2017, na Koum naye akatangaza kuondoka mwaka 2018. Juni 2025 kampuni mama, ambayo sasa inaitwa Meta, ikatangaza kwamba matangazo yataanza kuonekana kwenye ukurasa wa status na chaneli. Ndani ya mazungumzo yenyewe Meta haijaweka bango lake. Hakuna haja. Wafanyabiashara wanaingia wenyewe.

Hawaingii kwa njia moja, na tofauti hiyo inafaa kujulikana. Kampuni kubwa hulipia jumbe zake za matangazo, na masharti ya WhatsApp yanataka iwe imepata ridhaa yako kwanza. Mfanyabiashara mdogo halipi kitu, ila naye ana kikwazo chake. Akituma tangazo kwa orodha ya watu wengi kwa pamoja, linamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yake. Sasa unajua kwa nini muuza viatu anakusihi, "Dada, save namba yangu uone status." Si ukarimu. Bila hivyo tangazo lake haliendi popote.

Kundi ndilo halina kikwazo. Usipobadilisha chochote kwenye simu yako, mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kukutia kwenye kundi lake bila kukuuliza, na kundi moja linabeba hadi watu 1,024. Ukiwa humo, kila mwanakundi anaiona namba yako. Makundi ya michango ya harusi ndiyo chemchemi kubwa ya namba hapa kwetu. Unaingia kuchangia pilau ya mtoto wa jirani, na kabla bibi harusi hajatoka ndani ushatiwa kwenye "Mombasa Best Deals" pamoja na watu usiowajua. Kuna pia daftari la askari mlangoni mwa majengo ya ofisi, ambamo tunaandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu kana kwamba tunajiandikisha kupiga kura. Mimi niliwahi kuacha namba kwa duka moja la vitambaa ili niambiwe mapazia yakiwa tayari. Mapazia yameshapauka, na kila wiki naambiwa kuna mzigo mpya. Nilipoomba niondolewe kwenye orodha niliulizwa kama nimekasirika.

Usisahau bando. Picha ishirini za madera zikijishusha zenyewe kwenye simu, wewe ndiye uliyezilipia. Mwenye duka amepata bango la bure, na mama anayenunua bando ya shilingi ishirini akiongea na mwanawe aliye Doha anakatikiwa kabla hajamaliza salamu.

Kwa haki, hatukungoja simu ili tuanze kusukumiana mambo. Mwaka 1908, Wajerumani walipokuwa wakitawala Tanganyika, kulienea barua katika pwani ya kusini, hasa upande wa Lindi, ikidaiwa imetoka Makka. Ilieleza ndoto ya mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), ikawaonya watu kuhusu Kiama. Barua ilinakiliwa kwa mkono ikapita msikiti hadi msikiti, mpaka wakubwa wa Kijerumani wakaingiwa na hofu ya maasi. Ndoto za huyo Sheikh Ahmad zimeendelea kuzunguka hadi leo katika nakala mbalimbali, na huja na masharti: anayeinakili na kuisambaza ameahidiwa kheri, anayeipuuza ametishiwa msiba. Nikiwa shule iliingia kwa fotokopi. Sasa inaingia kwa simu, na wapokeaji wanatetemeka vilevile, ingawa wanazuoni, akiwemo Sheikh Ibn Baz wa Saudia, walishaandika zamani kwamba ni uzushi mtupu.

Wauzaji wamejifunza kwa Sheikh Ahmad. "Tuma kwa makundi matano upate bando ya bure ya Ramadhani" ni ile barua ya Lindi iliyovikwa nembo ya kampuni ya simu, na ukibonyeza kiungo unaombwa namba yako, jina lako, pengine na namba ya siri. WhatsApp yenyewe ililazimika kupunguza kasi baada ya uvumi uliosambaa India mwaka 2018 kusababisha watu kuuawa. Tangu Januari 2019 huwezi kusambaza ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mpigo mmoja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye alama ya mishale miwili, unapelekwa kwa mazungumzo moja moja. Ukiona mishale miwili, ujue aliyekutumia hakuuandika yeye, na yamkini hajui nani aliuandika.

Sheria tunayo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na kifungu cha 37 kinakataza kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu. Kanuni za mwaka 2021 zikaongeza kwamba anayekutumia matangazo lazima akupe njia rahisi ya kujitoa, tena bila malipo. Si maneno ya karatasini peke yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu iliyokuwa na programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwasumbua kwa simu na jumbe za vitisho. Wakati huohuo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Malalamiko hupelekwa kwa mtandao, huhitaji wakili, na sheria inaitaka ofisi hiyo imalize uchunguzi ndani ya siku 90. Piga picha ya ujumbe ulioomba kuondolewa na jibu ulilopewa. Huo ndio ushahidi.

Sidhani mtu atamshtaki muuza madera. Wengi wao ni dada zetu na mashemeji zetu, wanatafuta riziki ya halali, na dirisha la duka siku hizi ni hiyo simu. Lakini hata Marikiti muuza ndizi hakufuati hadi chumbani. Ingia kwenye mipangilio, kisha faragha, kisha makundi, uchague kwamba wanaoweza kukuongeza ni watu uliowahifadhi peke yao. Wengine watalazimika kukutumia mwaliko, nao unakufa wenyewe baada ya siku tatu. Zima picha na video zisijishushe. Tangu 2022 mtu akitoka kwenye kundi wanaoarifiwa ni maadimini tu, kwa hivyo ile fedheha ya "fulani ametoka" mbele ya ukoo mzima imepungua. Kile kiduara cha akili bandia walichokibandika kwenye skrini, hicho hakiondoki. Nimetafuta kila mahali.

Kuhusu misiba, mtaa mmoja ninaoujua umefanya jambo ninalolipenda. Wamefungua kundi la matangazo ya mazishi pekee, wakaliweka katika hali ambayo maadimini ndio wanaoweza kuandika. Maadimini ni watatu, mmoja wao mwanamke, kwa sababu habari za msiba huanzia ndani. Hakuna Jumaa Mubarak, hakuna waadhi, hakuna picha. Hata pole hairuhusiwi humo, na hilo liliwakera wazee mwanzoni. Maelezo waliyopewa ni kwamba Innalillahi themanini zikifuatana, anayetafuta jina la msikiti na saa ya swala hulazimika kuzipanda kama ngazi, na wengine hukata tamaa njiani. Anayetaka kutoa pole ampigie mfiwa. Watu wamenyamazisha makundi mengine yote, hilo moja wameliacha lilie. Likilia, nyumba nzima inanyamaza kwanza.

Binamu wa adimini mmoja huuza manukato. Aliomba aruhusiwe kuweka tangazo moja tu, mara moja, kwa kuwa alikuwa na udi na marashi ya kutilia maiti kwa bei nafuu, na akasema hilo nalo ni jambo la mazishi. Alikataliwa. Hakusema na adimini huyo hadi Idi.